Saini ya Nchi Ndogo

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mwenzetu, mwenye duka, katika mkutano wa tawi. Tunaitoa kama ilivyosomwa kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)



Kamati imeniamrisha nizungumze juu ya jambo ambalo mtu akilisikia kwa mbali hudhani kuwa halimhusu. Nalo ni mashauriano yaliyofanywa baina ya dola, na ambayo yangali yakiendelea kwa sura nyengine, ili askari wa baadhi ya mataifa wasifikishwe mbele ya Mahkama ya Kimataifa ya Jinai. Mimi si mwanasheria. Elimu yangu ni ya chuoni na kazi yangu ni duka. Walakini jambo hili limefungamana na vitu viwili ambavyo mwenye duka huvishika kila siku, navyo ni mizani na saini. Kwa hivyo nataraji mtaniwia radhi nikilieleza kwa njia hiyo.

Kwanza tuijue Mahkama yenyewe. Tarehe 17 Julai 1998, katika mji wa Roma, mataifa yalikubali mkataba wa kuunda mahkama ya kudumu ya kuwahukumu watu, si madola, kwa makosa makubwa kabisa: kuangamiza kabila au taifa, jinai dhidi ya ubinadamu, na jinai za vita. Nchi 120 zilikubali, 7 zikakataa, na 21 hazikupiga kura upande wowote. Marekani ilikuwa miongoni mwa zile saba. Mkataba ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2002, na Mahkama ikakaa The Hague, Uholanzi.

Napenda mkumbuke, nyinyi watu wa visiwa, kwamba aliyelifufua jambo hili mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1989 hakuwa mkubwa wa dola kubwa. Alikuwa Bwana A. N. R. Robinson, Waziri Mkuu wa Trinidad na Tobago, visiwa vidogo vya Bahari ya Karibi. Wenye nguvu wana manowari za kuwalinda, ama wanyonge hawana ngome illa sheria. Ndiyo maana rai hii ilitoka kwa mnyonge.

Tena lazima tufahamu namna Mahkama hii inavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mahkama ya The Hague haimchukui mtu ambaye nchi yake inamshitaki kwa haki. Huingia pale tu ambapo serikali yenyewe haitaki kumhukumu mtu wake, au haina uwezo wa kumhukumu. Basi askari wa nchi ambayo mahkama zake ziko wazi na majaji wake hawaogopi mtu, hana la kukhofu. Kinga yake iko kwao, katika uadilifu wa nchi yake mwenyewe. Anayehitaji kinga nyengine ya kununua ugenini ni yule ambaye kesi yake nyumbani haitafunguliwa.

Sasa tuje kwenye mashauriano. Rais Clinton wa Marekani alitia saini Mkataba wa Roma siku ya mwisho ya kutia saini, tarehe 31 Disemba 2000, lakini hakuupeleka kuridhiwa. Aliyemfuata, Rais Bush, aliarifu Umoja wa Mataifa tarehe 6 Mei 2002 kwamba Marekani haikusudii kuwa mwanachama na haijioni kuwa imefungwa na saini ile. Hoja yao ilikuwa hii: sisi tuna askari katika kila pembe ya dunia, na watu wenye chuki nasi wataitumia Mahkama kuwaonea askari wetu kwa ajili ya siasa. Hoja hiyo si ya kuchekwa, na nitairudia. Lakini tazameni ni njia gani waliyoishika. Walibisha hodi milango miwili.

Mlango wa kwanza ulikuwa Baraza la Usalama. Mwishoni mwa Juni 2002 muda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Bosnia ulikuwa unahitaji kuongezwa. Marekani ikapiga kura ya turufu kuuzuia, ikasema haitaruhusu kazi hiyo iendelee mpaka askari wake wapewe kinga. Ajabu yake ni kwamba Bosnia tangu 1993 ilikuwa chini ya mahkama maalumu ya Yugoslavia, nayo pia ilikuwa The Hague, na mahkama ile iliweza kumshitaki askari wa taifa lo lote aliyetenda jinai katika ardhi ile. Marekani yenyewe ilisaidia kuiunda. Basi haikuwa khofu ya Bosnia. Bosnia ilitumiwa kuwa rehani.

Nchi nyingi zilinung'unika, na Kanada ikawa mbele katika kunung'unika huko. Walakini tarehe 12 Julai 2002 wajumbe wote 15 walipitisha azimio namba 1422. Kwa azimio hilo, watu wa nchi zisizo wanachama wa Mahkama, wakiwa katika kazi zilizoamrishwa au kuruhusiwa na Umoja wa Mataifa, hawatachunguzwa wala kushitakiwa kwa muda wa miezi kumi na miwili. Mwaka 2003 likarejewa tena kwa namba 1487, lakini safari hii Ufaransa, Ujerumani na Syria hazikuunga mkono. Mwaka 2004 Marekani ililileta mara ya tatu. Kabla ya hapo, mnamo Aprili, dunia ilikuwa imekwisha kuziona picha za mahabusi wa gereza la Abu Ghraib, Iraq, jinsi walivyodhalilishwa na askari waliowekwa kuwalinda. Katibu Mkuu Kofi Annan akasema wazi kwamba kinga hiyo haifai. Kura zikawa hazitoshi, na mwezi wa Juni wenyewe wakaiondoa rai yao. Mlango wa kwanza ukafungwa.

Mlango wa pili ulikuwa wa kimya zaidi, na huo ndio uliotufikia sisi. Katika Mkataba wa Roma kipo kifungu cha 98, ambacho husema kwamba Mahkama haitaitaka nchi imtoe mtu ikiwa kumtoa huko kutavunja mapatano na nchi iliyomtuma. Madhumuni yake yalikuwa yale mapatano ya kawaida baina ya nchi inayotuma askari na nchi inayowapokea, ili ijulikane nani atamhukumu askari akikosa. Mapatano ya namna hiyo yapo tangu zamani, wala hayana aibu ndani yake.

Lakini karatasi iliyozungushwa na mabalozi wa Marekani kuanzia mwaka 2002 ilikuwa kitu chengine. Haikumkinga askari aliyetumwa peke yake. Iliwakinga maofisa, waajiriwa na wakandarasi, na ikamalizia kwa raia wote, awe ametumwa au amekwenda kwa shughuli zake. Nchi iliyotia saini iliahidi kwamba haitamtoa mtu wa Marekani kwa Mahkama bila ya idhini ya Marekani. Wala karatasi haikuwa na sharti kwamba mtu huyo ni lazima ashitakiwe kwao. Hapo ndipo kifungu kilipopinduliwa. Mlango uliowekwa ili ijulikane nani atamhukumu askari, ukafanywa mlango wa kumtorosha asihukumiwe na mtu.

Na bei ilitajwa waziwazi. Tarehe 2 Agosti 2002 Rais wa Marekani alitia saini sheria ya kuwalinda askari wao. Sheria hiyo ilikataza msaada wa kijeshi kwa nchi mwanachama wa Mahkama ambayo haikutia saini karatasi, ila marafiki wakubwa kama nchi za NATO, Japani na Australia. Fauka ya hayo, ilimruhusu Rais kutumia kila njia ya lazima kumtoa Mmarekani akizuiliwa na Mahkama, hata watu wakaipa jina la utani, sheria ya kuivamia The Hague. Mwisho wa mwaka 2004 wakaongeza na msaada wa uchumi.

Angalieni basi nani aliyebanwa. Nchi ya mwanzo kutia saini ilikuwa Rumania, tarehe 1 Agosti 2002. Timor ya Mashariki, nusu ya kisiwa iliyopata uhuru wake Mei 2002, ilitia saini Agosti ya mwaka huohuo, kabla haijatimiza miezi minne tangu kupandisha bendera. Katika majirani zetu, Rwanda, Kongo, Uganda na Burundi zote zilitia saini mwaka 2003. Kongo ilitia saini ilhali ardhi yake imejaa maiti za vita, na ilhali kesi ya kwanza ya Mahkama ile, ya Thomas Lubanga, ilikuja kuwa ni ya watoto wa Kongo waliotiwa jeshini. Uganda ilitia saini mwezi wa Juni, na mwezi wa Disemba wa mwaka uleule ikapeleka The Hague mashitaka juu ya waasi wa Lord's Resistance Army. Yaani mkono mmoja uliiomba Mahkama, na mkono mwengine ukaifungia mlango. Kwa jumla mapatano haya yalipindukia mia moja duniani.

Nani aliyekataa? Tarehe 1 Julai 2003 nchi 35 zilikatiwa msaada wa kijeshi. Katika hizo zilikuwemo Trinidad na Tobago, Barbados, Malta, Samoa, Afrika ya Kusini, Mali, Niger, na Tanzania yetu. Kenya nayo, baada ya kuuridhia Mkataba Machi 2005, ilikataa karatasi ikakatiwa msaada wa mafunzo ya askari. Chama chetu ni cha upinzani, na kazi ya upinzani ni kusema kweli, hata ile inayomnufaisha asiyekuwa wetu. Katika jambo hili Serikali ilifanya lililo sawa, na mwenye kustahiki kusifiwa asifiwe.

Na nini kilichowapata waliokataa? Hawakuanguka. Mwezi wa Machi 2006 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Bibi Condoleezza Rice, mwenyewe alikiri kwamba kukata msaada huo kulikuwa kunaidhuru Marekani. Oktoba 2006 nchi 21 zilifunguliwa tena mafunzo ya kijeshi, Kenya ikiwa miongoni mwao, na mwanzoni mwa 2008 kifungu cha kukata msaada wa kijeshi kilikuwa kimeondolewa katika sheria. Aliyekataa alivumilia miaka mitano hivi, kisha alichonyimwa akarejeshewa, na saini yake ikabaki mkononi mwake. Aliyekubali alipata msaada wa miaka hiyo, na karatasi imebaki katika daftari. Sisi wenye maduka tungeiita biashara hiyo ni kuuza shamba kwa ajili ya kununua chakula cha mwezi mmoja.

Sasa nairudia ile hoja. Mtu atauliza: Je, si dhulma kumtuma kijana kulinda amani katika nchi ya watu, kisha akatishwe na mahkama ya kigeni? Hili si suala la Wamarekani peke yao. Tarehe 7 Disemba 2017 askari wetu wa Tanzania waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walishambuliwa usiku huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, katika Kongo. Zaidi ya kumi waliuawa, na miongoni mwao walikuwemo watoto wa visiwa hivi. Vijana wale walikwenda bila ya karatasi ya kinga. Tanzania ni mwanachama wa Mahkama tangu Agosti 2002, na Kongo ni mwanachama. Kama mmoja wao angetenda jinai ya vita na nchi yake ikamficha, Mahkama ingekuwa na haki naye. Hata hivyo walikwenda, wakafanya kazi kwa heshima, na wakafa kwa heshima.

Tena sikilizeni jambo ambalo wenye kutaka kinga hawalitaji. Mkataba wa Roma wenyewe umeandika kwamba kuwashambulia kwa makusudi watu wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa ni jinai ya vita. Waliowaua watoto wetu Semuliki wanaweza kushitakiwa kwa sheria hiyo. Basi Mahkama si adui wa askari mwema. Ndiyo inayomlinda pale ambapo bunduki yake imeshindwa kumlinda. Ukiidhoofisha ili umkinge askari muovu, umemvua ngao yake askari mwema.

Wako wengine watakaosema: Tuiteteeje Mahkama ambayo kwa miaka mingi iliwaita Waafrika watupu? Lawama hiyo ina asili yake, nami sitaificha. Mwaka 2005 Baraza la Usalama liliipeleka Darfur mbele ya Mahkama kwa azimio namba 1593, na ndani ya azimio lilelile likaandikwa kwamba watu wa nchi zisizo wanachama, ila Sudan, watabaki katika mamlaka ya nchi zao tu. Vivyo hivyo likafanywa kwa Libya mwaka 2011. Na mwaka 2013, Kenya na nchi za Afrika zilipoomba kesi za viongozi wa Kenya ziakhirishwe kwa kifungu kilekile cha 16 kilichotumika 2002, walipata kura 7 tu, na rai ikaanguka. Kifungu ni kimoja. Alipoomba mkubwa zilitoka kura 15, na alipoomba mdogo zikatoka 7.

Mabwana, muuzaji dhalimu anajulikana kwa mawe yake mawili ya mizani: moja zito la kununulia karafuu ya mkulima, na moja jepesi la kumuuzia mchele. Hayo niliyoyataja ni mawe mawili. Lakini mwenye akili akigundua mawe mawili haivunji mizani. Hudai liwepo jiwe moja. Viongozi wa Afrika walipokutana Malabo mwezi wa Juni 2014 hawakudai jiwe moja. Waliandika itifaki ya mahkama ya Afrika, wakatia ndani yake kinga kwa wakuu wa nchi na wakubwa wa serikali wakiwa madarakani. Waliyoyalaumu kwa Marekani wakajifanyia wenyewe. Nyani haoni kundule. Sisi tunaodai haki hatuwezi kumlaumu mkubwa kwa kumficha askari wake, kisha tukamficha mkubwa wetu.

Msidhani kwamba mambo haya yamekwisha. Mwezi wa Machi 2020 majaji wa rufaa wa The Hague waliruhusu uchunguzi wa jinai zilizotendwa Afghanistan, za pande zote, wakiwemo watu wa Marekani. Mwezi wa Juni mwaka huohuo Rais Trump alitoa amri ya vikwazo, na Septemba akawekewa vikwazo Mwendesha Mashitaka, Bibi Fatou Bensouda wa Gambia, Mwafrika na mwanamke. Rais Biden aliviondoa Aprili 2021. Na mwaka huohuo Mwendesha Mashitaka mpya, Karim Khan, akasema hataliweka mbele suala la Wamarekani katika uchunguzi ule. Februari 2025 vikwazo vikarejea, na Juni 2025 wakawekewa majaji wanne, akiwemo Bibi Solomy Balungi Bossa wa Uganda, mmoja wa majaji waliotoa hukumu ile ya rufaa. Zamani bei ilitozwa nchi. Siku hizi anatozwa jaji mwenyewe, katika fedha zake na safari zake. Uganda ilitia saini karatasi mwaka 2003 ikitaraji urafiki, na urafiki ule haukumkinga jaji wake.

Basi tufanye nini sisi? Mambo ya nje ni mambo ya Muungano, na tawi letu halina ubalozi. Lakini tuna wabunge, tuna midomo, na tuna gazeti hili. Natoa rai tatu.

Kwanza, mapatano yo yote yanayohusu askari wa kigeni katika ardhi au bahari yetu yaletwe Bungeni, yasomwe kwa Kiswahili kila mtu ayafahamu, na yajulikane kabla ya kutiwa saini. Karatasi nyingi za 2003 zilitiwa saini na mawaziri katika vyumba vilivyofungwa, na wananchi wakazisikia baadaye. Saini ya nchi ni amana ya wananchi. Mwenye kuiweka bila ya kuwaambia ameitumia mali ya watu.

Pili, tuwaambie ndugu zetu wa nchi jirani zilizotia saini kwamba mlango haukufungwa. Karatasi hizo ziliandikwa kwamba nchi yo yote inaweza kujitoa kwa kutoa ilani, na baada ya mwaka mmoja mapatano hukoma. Yatosha barua moja. Vyama vyao na wabunge wao waidai barua hiyo.

Tatu, na hili ndilo gumu, tudai mahkama zetu wenyewe ziwe na nguvu ya kumhukumu askari wetu na polisi wetu anapomdhulumu mwananchi. Nimesema kwamba kinga ya haki ya askari ni uadilifu wa kwao. Nchi isiyomhukumu mtu wake mwenye bunduki haina ulimi wa kumsema Marekani. Siku mahkama zetu zitakapomwita mwenye cheo na asiye na cheo kwa wito mmoja, hapo tutasimama mbele ya balozi ye yote anayeleta karatasi, na tutamwambia kwa adabu: Bwana, sisi watu wetu tunawahukumu, nanyi wahukumuni wenu, na hamtakuwa na haja ya saini yetu.